Kujua Ulipo kwa Ramani na Dira: Mwongozo Kamili kwa Wanaotembea Mtwara na Lindi

Anayetembea Masasi na anayetembea Newala hawahitaji ujuzi uleule, hata kama ramani zao ni za aina moja na dira zao zimenunuliwa duka moja. Masasi kuna milima ya mawe iliyosimama mmojammoja, na kila mmoja unaonekana kwa mbali. Ukipata uwazi kidogo tu, tayari una alama tatu za kupimia. Newala ni habari nyingine. Ukishaingia ndani ya Uwanda wa Makonde na mikorosho ikakuzunguka, huoni mbali, na ardhi ni ileile kila unakogeuka. Mafunzo mengi ya ramani na dira yameandikwa kana kwamba kila mtu yuko Masasi. Mwanafunzi anayafaulu vizuri kwenye mtihani wa jiografia, kisha anapotea kwenye mashamba ya korosho kilomita mbili kutoka barabarani.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya bwana miti, mrina asali, skauti, mwanafunzi, askari wa wanyamapori wa kijiji, mtafiti, na kila anayeingia pori la Kusini akiwa na sababu ya kujua yuko wapi hasa. Kuna jambo moja ninalolisisitiza kuliko mengine yote: nukta unayoiweka kwenye ramani ni dai tu. Mistari ya penseli inaweza kukutana vizuri kabisa mahali ambapo haupo. Nukta inathibitika pale ardhi uliyosimama juu yake inapokubaliana nayo: mteremko unaelekea kule ramani inakosema, korongo liko upande uleule, barabara iko umbali uleule.

Vifaa

Unahitaji ramani ya mandhari ya skeli ya 1:50,000, dira yenye bamba la plastiki linalopenyeza mwanga na duara la nyuzi linalozunguka, penseli iliyochongwa, kifutio, rula ya sentimita 30, na mfuko wa plastiki wa kukingia ramani na jasho na mvua. Dira za mapambo zinazoning'inizwa kwenye funguo achana nazo. Dira iliyo ndani ya simu nayo ni ya kukisia tu, haitoshi kwa kuchorea mistari.

Dira inahitaji majaribio mawili kabla hujailipia. La kwanza ni la mizani ya sindano. Huku kwetu, nyuzi kama kumi kusini mwa ikweta, nguvu ya sumaku ya dunia hailali sambamba na ardhi, na ncha ya kusini ya sindano huvutwa kuelekea chini. Dira iliyosawazishwa kwa ajili ya nchi za Ulaya inazidisha mvutano huo, na sindano inakwaruza ndani ya kikombe chake. Iweke bapa kiganjani, zunguka mwili mzima polepole ukiitazama. Sindano inatakiwa ielee bila kugusa juu wala chini, na ikishatulia uigonge kidogo kwa kidole uone kama inarudi palepale. Ikikwama, tafuta dira iliyosawazishwa kwa upande wa kusini wa dunia, au ile iliyotengenezwa kutumika dunia nzima.

Jaribio la pili ni la ncha. Dira iliyolala muda mrefu karibu na simu, spika au kasha lenye sumaku inaweza kugeuka kabisa, ncha nyekundu ikaonyesha kusini. Dawa yake ni jua: asubuhi lielekee linapochomoza, na ncha nyekundu iwe upande wa mkono wako wa kushoto. Fanya hivyo kila asubuhi ya safari. Jua la mchana usilitumie bila kufikiri. Mtwara na Lindi jua hufika juu kabisa kama saa 6:20 mchana, si saa 6 kamili, na kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi mwishoni mwa Februari hupita upande wa kusini wa kichwa, wakati miezi mingine linapita kaskazini. Aliyezoea kusema "jua la mchana liko kaskazini" atageuzwa njia mwezi Desemba.

Soma pambizo kabla ya kusoma ramani

Ramani za 1:50,000 hutolewa na Idara ya Upimaji na Ramani ya Wizara ya Ardhi. Karatasi moja inachukua robo nyuzi kwa robo nyuzi, yaani kama kilomita 27 kila upande. Sentimita 2 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini, na milimita 1 ni mita 50. Kumbuka hiyo milimita, maana ncha ya penseli butu peke yake inakula mita 50.

Kwenye pambizo tafuta mambo manne: mwaka, nafasi kati ya kontua (mistari inayounganisha mahali penye urefu sawa), mchepuko wa sumaku (tofauti kati ya kaskazini ya sindano na kaskazini halisi), na datamu (msingi wa vipimo ambao namba za ramani zimejengwa juu yake).

Mwaka ndio wenye mambo mengi huku Kusini. Karatasi nyingi zinazopatikana zilichorwa kutokana na picha za anga za miongo mingi iliyopita, na nchi hii imebadilika sana tangu hapo. Ukiona reli kwenye ramani ya zamani ikitoka Mtwara kwenda Nachingwea, usiitafute. Ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mataruma yakang'olewa. Tuta lake bado linaweza kukusaidia pale linapoonekana, lakini reli haipo.

Vijiji navyo vilihama. Wakati wa ujamaa, hasa miaka ya 1970, watu walikusanywa kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika na kuletwa kando ya barabara. Ramani iliyopigwa picha kabla ya hapo inaonyesha nyumba na jina la kijiji mahali ambapo leo ni mahame. Utafika hapo ukitarajia watu na kisima, na utakuta miembe mikubwa iliyopangana na vichaka. Miembe hiyo usiipuuze. Miembe mizee katikati ya pori la miombo ni dalili nzuri kwamba palikuwa na makazi, na ikilingana na jina lililo kwenye ramani, umepata uthibitisho. Ila jina hilohilo leo linaweza kuwa limehamia kilomita kadhaa kando, pamoja na shule na zahanati yake.

Kwa hiyo panga imani yako hivi: milima, magema (kingo zenye mteremko mkali) na makutano ya mito kwanza, barabara kuu baadaye, ukijua kwamba nyingine zilinyooshwa wakati wa kutiwa lami, vijiji na njia za miguu mwisho kabisa. Tahajia nayo isikusumbue. Karatasi moja itaandika Mbwemkuru na nyingine Mbemkuru, mto ni uleule.

Kontua: angalia kama urefu umeandikwa kwa mita au kwa futi, maana karatasi za zamani zenye futi bado zipo mikononi mwa watu. Anayesoma 600 za futi akidhani ni mita anautafuta mlima usiokuwepo.

Datamu: hapa ndipo simu na ramani zinapogombana. Ramani zetu za zamani zimejengwa juu ya datamu ya Arc 1960, na simu inatumia WGS 84. Mahali palepale, namba za gridi (mistari ya miraba iliyochapishwa juu ya ramani) za mifumo hiyo miwili zinatofautiana kwa takriban mita 300, sehemu kubwa ikiwa ni kwenye mhimili wa kaskazini na kusini. Hiyo ni milimita 6 kwenye karatasi, inatosha kukuhamisha kutoka upande mmoja wa korongo hadi mwingine. Ukitaka kuhakiki nukta yako kwa simu, tumia programu inayokuruhusu kuchagua Arc 1960 na namba za UTM (gridi ya mita inayoigawa dunia katika kanda), ukanda wa 37 kusini. Kuna uhakiki wa haraka pia: mstari wa kati wa ukanda huo, uliopewa namba ya mashariki 500,000, ni longitudo ya nyuzi 39 mashariki. Masasi mjini na Nachingwea ziko magharibi yake, kwa hiyo namba ya mashariki iko chini ya 500,000. Newala, Lindi na Mtwara ziko mashariki yake, zinazidi 500,000. Simu ikikupa 531,000 na wewe unaiona milima ya Masasi imekuzunguka, kuna kitu hakiko sawa.

Mchepuko wa sumaku

Sindano haionyeshi kaskazini ya ramani. Inaonyesha kaskazini ya sumaku, ambayo Mtwara na Lindi iko nyuzi chache magharibi ya kaskazini halisi. Kiasi hicho hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo namba iliyochapishwa pambizoni ni ya mwaka ule tu. Kabla ya safari, tafuta mchepuko wa sasa kwa kikokotoo cha bure kilichopo mtandaoni cha NOAA, shirika la Marekani la bahari na angahewa, uuandike kwa penseli juu ya ramani. Katika mifano yote hapa nitatumia nyuzi 4 magharibi ili hesabu ieleweke. Wewe weka namba yako.

Kanuni ni hii: ukitoka kwenye dira kwenda kwenye ramani, toa. Ukitoka kwenye ramani kwenda kwenye dira, ongeza. Ukipuuza nyuzi 4, kila kilomita unayotembea inakupeleka kando mita 70. Tofauti kati ya kaskazini ya gridi na kaskazini halisi huku kwetu haifiki nusu nyuzi, kwa sababu tuko karibu na ule mstari wa nyuzi 39, na kwa kazi ya miguu unaweza kuiacha.

Hatua kwa hatua: mistari mitatu

Njia hii ni ya mahali penye alama zinazoonekana: Masasi, Nanyumbu, sehemu za Nachingwea na Ruangwa, na popote unapopata uwazi.

Hatua ya kwanza, kabla hujagusa dira, weka kidole kwenye ramani mahali pa mwisho ulipokuwa na uhakika napo. Njia panda, daraja, shule. Jiulize umetembea muda gani tangu hapo na kuelekea wapi. Hili linakupa duara la mahali unapoweza kuwa, na nukta yoyote itakayoangukia nje ya duara hilo ni ya kutiliwa shaka papo hapo. Watu wengi wanairuka hatua hii, na ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Hatua ya pili, elekeza ramani. Weka duara la dira kwenye nyuzi 0, ukingo wa bamba uwe sambamba na mistari ya gridi inayokwenda kaskazini, kisha zungusha ramani na dira kwa pamoja mpaka sindano ikae nyuzi 4 magharibi ya alama ya kaskazini, yaani kwenye 356. Sasa ramani inatazama kama ardhi inavyotazama. Ukinyoosha mkono kutoka ulipo kwenye ramani kuelekea mlima fulani, mkono utakuwa unaelekea kwenye mlima wenyewe.

Hatua ya tatu, tambua alama tatu. Zikae mbalimbali, pembe kati ya moja na nyingine isipungue nyuzi 30 hivi, na ikiwezekana zikuzunguke. Chagua zilizo karibu kuliko zilizo mbali: kosa la nyuzi 1 kwa alama iliyo kilomita 5 ni mita 87, kwa alama iliyo kilomita 1 ni mita 17 tu.

Hatua ya nne, pima. Simama mbali na chuma: panga na jembe viweke chini mita mbili tatu pembeni, bodaboda iwe mita 10 au zaidi, paa la bati vilevile, nyaya za umeme mkubwa mita 50. Simu itoe mfuko wa shati, maana wengi wanaisahau hapo ikiwa sentimita 20 kutoka kwenye sindano. Shika dira usawa wa kifua, mshale wa mwelekeo uelekee kwenye kilele, zungusha duara mpaka alama ya kaskazini ikae juu ya ncha nyekundu, soma namba. Pima kila alama mara mbili. Zikipishana zaidi ya nyuzi 2, pima tena.

Tuseme umepata 312 kwa mlima wa kwanza, 047 kwa wa pili, 185 kwa wa tatu. Toa 4 kila moja: 308, 043, 181. Hizo ndizo beringi (nyuzi za mwelekeo) za kwenye ramani.

Hatua ya tano, chora. Weka duara la dira kwenye 308. Weka ukingo wa bamba ukipita juu ya kilele cha mlima wa kwanza kwenye ramani, mshale wa mwelekeo ukitazama upande wa mlima. Sasa zungusha bamba lote, ukingo usiondoke kileleni, mpaka mistari iliyo ndani ya duara iwe sambamba na mistari ya gridi na kaskazini yake itazame juu ya ramani. Sindano isahau kabisa wakati huu. Vuta mstari kando ya ukingo, kutoka mlimani kurudi upande wako. Uko mahali fulani juu ya mstari huo. Rudia kwa mlima wa pili na wa tatu.

Anayetumia kipimapembe cha shuleni badala ya dira ya bamba atahitaji beringi ya kurudi: kama namba haifiki 180 ongeza 180, kama imezidi toa 180. Kwa mfano wetu ni 128, 223 na 001, na mistari inachorwa kutoka kwenye kila kilele kwa namba hizo.

Hatua ya sita, itazame pembetatu. Mistari mitatu ni nadra kukutana kwenye nukta moja, itaacha pembetatu ndogo. Pande za milimita 3 au 4 ni kazi nzuri. Ikiwa kubwa, kosa la kawaida ni kwamba mlima mmoja si ule unaoudhani, na la pili kwa ukawaida ni kwamba umeongeza mchepuko badala ya kutoa. Tena usijiweke katikati ya pembetatu kwa mazoea tu. Kama alama zote tatu ziko upande mmoja wako, unaweza kuwa nje yake.

Hatua ya saba, iulize ardhi. Ukiwa na nukta, isome ramani pale: mteremko mkali uko upande gani, kijito cha karibu kiko mita ngapi, njia inapita wapi. Nenda ukaangalie. Mambo mawili yakikubali, nukta imesimama. Moja likikataa kabisa, futa, anza hatua ya kwanza.

Tahadhari ya milima ya Masasi

Milima ile ya mawe ina tabia zake. Kwanza, kila mmoja hubadilika umbo ukiuzunguka, na mtu aliyezoea kuuona Mtandi kutoka mjini, pale kwenye kanisa kuu la Anglikana, anaweza asiutambue kutoka upande wa pili. Usiutambue mlima kwa sura. Utambue kwa nafasi yake kati ya milima mingine na kwa kontua zake.

Pili, ukiwa karibu na jiwe kubwa la mviringo, kile unachokiona kama kilele si kilele. Ni bega la jiwe, na kilele chenyewe kimejificha nyuma yake. Beringi ya bega ukiichora kupitia kilele inakutupa kando. Hapo pima kingo mbili: pale jiwe linapoanza kushoto kwa jicho lako na pale linapoishia kulia. Kwenye ramani, vuta mistari miwili inayogusa kontua za mlima kwa nje, mmoja kushoto, mmoja kulia. Inapokutana ndipo ulipo, na mlima mmoja umekufanyia kazi ya alama mbili. Njia hii inafanya kazi vizuri mlima ukiwa karibu kiasi cha kujaza jicho, ukiwa mbali pembe inakuwa nyembamba mno.

Tatu, baadhi ya miamba ina madini yanayovuta sindano. Namna ya kugundua: pima kutoka kwako hadi kwenye mti uliowazi, uende kwenye mti huo, upime kurudi ulikotoka. Namba mbili zipishane kwa 180. Zisipopishana hivyo, ondoka juu ya mwamba, upimie chini kwenye udongo.

Wakati mzuri wa kupima ni mvua zikishaanza kusafisha hewa. Agosti na Septemba moshi wa moto wa mashambani na porini huifuta milima ya mbali kabisa.

Uwandani, ambako hakuna mlima

Sasa twende Newala, Tandahimba, na katikati ya msitu wa Rondo. Mistari mitatu haipatikani. Kinachokuokoa ni mstari mmoja unaoujua tayari: barabara, gema la uwanda, korongo. Ukiwa juu ya barabara iliyoko kwenye ramani, umeshajua nusu ya jibu. Unahitaji kitu kimoja tu cha kuukata mstari huo.

Kitu hicho kinaweza kuwa beringi ya barabara yenyewe. Barabara za uwandani zinakwenda zimenyooka kisha zinapinda. Simama katikati ya kipande kilichonyooka, pima kinakoelekea, toa mchepuko, tafuta kwenye ramani kipande chenye mwelekeo huo. Mara nyingi ni kimoja tu ndani ya lile duara la hatua ya kwanza.

Ukiwa kwenye ukingo wa uwanda, ule unaotazama bonde la Ruvuma, tumia mteremko. Gema halikuchongwa kwa rula, lina vidole vinavyojitokeza na makorongo yanayoingia ndani. Simama, tazama upande ambao maji yangeteremka moja kwa moja, pima. Tuseme kwenye ramani ni 160. Basi pale ulipo kontua lazima zikate mwelekeo huo kwa pembe mraba, zikienda 070 na 250. Fuata ukingo kwenye ramani kwa kidole mpaka upate mahali kontua zinapolala hivyo. Tembea mita 300 kando ya ukingo, pima tena mteremko, uone kama mabadiliko yanafuata ramani. Vipimo viwili vya namna hii hutosha kukuweka kwenye kidole sahihi cha gema.

Mto Ruvuma wenyewe usiutumie kama mstari wa kupimia. Kiangazi maji hujikusanya kwenye mikondo michache na kuacha mchanga mpana, na mikondo hiyo huhama. Tumia kingo za bonde. Na kumbuka kwamba ng'ambo ni Msumbiji: mtu anayezunguka mpakani na ramani na dira bila kibali wala mwenyeji ataulizwa maswali.

Ndani kabisa ya mikorosho, tegemea hatua. Pima mita 100 kwa kamba kwenye njia tambarare, tembea kawaida, hesabu kila mguu wa kulia unapogusa chini. Watu wengi huangukia kati ya 60 na 70. Pima tena kwenye mchanga na kwenye mteremko, utaona hesabu inaongezeka, uandike zote nyuma ya ramani. Kila mita 100 hamisha korosho moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto.

Mfano: hesabu yako ni 65. Unaondoka njia panda kwa beringi ya ramani 140, dira ukaiweka 144. Umehesabu 1,170. Gawa kwa 65, ni mara 18, yaani mita 1,800. Kwenye ramani, kutoka njia panda vuta mstari wa 140 wenye sentimita 3.6. Mwisho wake ndipo ulipo kwa makisio. Kisha hatua ya saba.

Kurudi nako kuna mbinu yake. Tuseme kijiji kiko barabarani, kilomita 3 kaskazini kabisa ya shamba ulilopo, na barabara inakwenda mashariki na magharibi. Ukilenga kijiji chenyewe ukakikosa, utafika barabarani usijue ugeuke wapi. Kosea makusudi: lenga 355 ya ramani, dira 359. Utatokea barabarani kama mita 260 magharibi ya kijiji, na utajua bila kubahatisha kwamba unageuka kulia.

Pwani

Mikindani, Msimbati, Lindi na Kilwa wavuvi wamekuwa wakijua walipo bila karatasi kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu: mnazi fulani ukikaa sawasawa mbele ya jengo fulani, uko juu ya mstari unaopita kwenye vitu hivyo viwili. Ni mstari mzuri kuliko wa dira, kwa sababu hauna mchepuko wala sindano. Ukiwa na jozi mbili, mistari ikikatana, umepata nukta. Boma la zamani la Mikindani, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, ni mfano wa kitu cha kudumu kinachofaa kuwa nusu ya jozi. Mikoko haifai, ukingo wake hubadilika, na maji yakitoka ufuko unasogea mbali na ule uliochorwa. Kwa safari ya baharini yenyewe tafuta ramani ya bahari. Ya 1:50,000 haikuambii miamba wala kina.

Wenyeji

Fika kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji kabla hujaanza kupima, na kwenye hifadhi ya msitu au ya wanyamapori uwe na kibali. Mtu anayesimama kwenye mashamba ya watu na ramani anaonekana kama mpimaji aliyekuja kwa ajili ya ardhi, na hofu hiyo ina sababu zake. Eleza kazi yako, onyesha ramani, waache waitazame. Mara nyingi wazee wataanza kukutajia mahame yote yaliyomo.

Unapouliza jina la mlima, usiweke jina mdomoni mwa mtu. Ukisema, "Shikamoo mzee, ule ndio Mtandi, eti?" anaweza kukuitikia kwa adabu tu. Sema, "Shikamoo mzee. Samahani, ule wenye weusi juu mnauitaje hapa?" kisha nyamaza. Jina atakalokutajia litafute kwenye ramani kwa sauti, si kwa herufi, kwani aliyeandika ramani huenda alilisikia kwa Mmakua na wewe unalisikia kwa Myao.

Kumtajia mtu mwingine ulipo

Ukishathibitisha nukta, soma namba zake. Mashariki kwanza, ndipo kaskazini. Chukua tarakimu mbili kubwa za mstari wa gridi ulio kushoto ya nukta, ugawe mraba sehemu kumi kwa jicho au rula (milimita 2 kila sehemu), uongeze tarakimu ya tatu. Fanya vilevile kwa mstari ulio chini ya nukta. Tarakimu sita hizo zinaonyesha mahali kwa usahihi wa mita 100, na kwa kumtafuta mtu porini inatosha.

Unapompigia mwenzako, mpe jina na namba ya karatasi ya ramani, kisha tarakimu moja moja, kisha kitu cha ardhini: "juu ya kijito, upande wa magharibi, chini ya miembe." Kama atatumia simu kukufuata, mwambie wazi kwamba namba zimetoka kwenye ramani ya Arc 1960. Mwisho mwambie azirudie zote. Akikosea hata moja, zitaje upya tangu mwanzo.